Steri za Kampuni, Vitunga vya Akina Mama

Meli na treni za kwanza za Maniema, mashariki mwa Kongo, zilikula kuni, na kuni hizo zilikuwa na kipimo chake: steri. Unachukua magogo yaliyopasuliwa, kila moja urefu wa mita moja, unayapanga mpaka lundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja kwenda kando. Hapo una steri moja. Kipimo hiki ni cha Wafaransa. Kilipitishwa kisheria mwaka 1795 pamoja na mita, hasa kwa ajili ya kuni, na kikaingia Kongo na maofisa wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ni kipimo chenye mlango wa nyuma. Mpangaji akichagua vipande vilivyopinda na kuvielekeza mgongo kwa mgongo, lundo hujaa nafasi tupu na mnunuzi analipia upepo. Msimamizi akiwa mkali, analipiga lundo teke lishuke, na mkataji anaongeza kuni juu bila kuongezwa senti.

Mashariki mwa mji wa Kindu, katika teritwari ya Pangi, nchi ya Warega, kuni zimekatwa, zimepasuliwa na kuwekwa akiba vizazi na vizazi bila steri yoyote. Mama anaingia msituni na panga, anatoka na kitunga mgongoni, kamba ikiwa imemkaza kwenye paji la uso. Hakuna karani aliyewahi kusimama mlangoni mwa jiko na daftari. Ndiyo sababu ukiitafuta historia ya kuni za Maniema kwenye vitabu unakuta meli, reli, Leopold na Baron Empain mwenye reli, na jikoni hapatajwi. Naona hapo ndipo hadithi ilipopotoka, kwa kuwa meli za kuni zimekwisha kuwa chuma chakavu, treni za kuni vilevile, na moto wa jikoni ungali unawaka.

MAFIGA MATATU

Pangi iko karibu digrii tatu kusini mwa ikweta. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuuliza: kuota moto kwa baridi gani? Afike mwezi wa saba, alale kijijini karibu na mto Elila, aamke saa kumi na moja alfajiri ukungu ukiwa umeshika mapaa. Mchana jua litachoma, lakini usiku wa msituni una unyevu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mzee haachi moto wake uzimike. Mama aliyejifungua anahitaji maji ya moto kila siku na chumba kikavu cha mtoto. Kwa hiyo moto wa nyumba ya Kirega haukuwa wa kupikia tu. Ulikausha paa la majani lisioze upesi, ulifukuza mbu na wadudu, ulilinda mahindi na mbegu za mpunga zilizotundikwa juu yake, na ulikausha nyama na samaki. Moshi ule ambao madaktari wa leo wanaulaumu, na wana haki ya kuulaumu, ulikuwa pia ghala la chakula.

Moto huo hukaa katikati ya mawe matatu, mafiga, na namna yake ya kula kuni ndiyo inayoeleza namna kuni zinavyokatwa. Mtu aliyezoea jiko la chuma la Ulaya anafikiri kuni lazima zikatwe fupi, zitoshe mlangoni. Mafiga hayana mlango. Kuni huwekwa ndefu, tatu au nne, vichwa vikikutana katikati na mikia ikitoka nje kati ya jiwe na jiwe. Ukitaka moto mkali, unazisukuma ndani. Ukitaka sombe ichemke polepole mchana kutwa, unavuta mbili nyuma na kuacha moja. Usiku unazitenganisha, unafunika makaa kwa majivu, na asubuhi unapuliza. Kwa hiyo mama wa Pangi hana haja ya kupasua kila kitu vipande vidogo kama wafanyavyo watu wa nchi za theluji. Tawi lenye unene wa mkono linaingia kama lilivyo. Kinachopasuliwa ni gogo, na gogo ni suala la shoka.

Shoka la zamani la misitu hii halikuwa na tundu la kupitishia mpini kama shoka la dukani. Mhunzi alifua bapa la chuma lenye mkia mwembamba, na mkia huo ukapigwa ndani ya kichwa kinene cha mpini wenyewe, mpini uliochongwa kwenye shina au mzizi wenye fundo ili usipasuke. Kila pigo linalichomeka shoka zaidi. Likilegea, unalitumbukiza mtoni usiku mmoja, mti unavimba na kulikamata. Mashoka ya kizungu yalipofika, yenye tundu na kisogo kizito, yalishinda kwa jambo moja: kisogo chake unaweza kukipigia kabari.

Na kupasua gogo kwa kweli hakutaki nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Gogo likianza kukauka, kwenye uso uliokatwa hutokea nyufa zinazotoka kwenye kiini kuelekea maganda. Aliyefunzwa hutazama kwanza, akafuata ufa uliokwisha kujifungua. Kwenye gogo nene hapigi katikati, anaanza kando, anamega vipande vya pembeni mpaka kiini kibaki peke yake. Penye fundo la tawi anapaepuka, au anapaacha pawe mwisho, kwa sababu nyuzi za mti hapo zimejisokota na shoka litanasa. Gogo lililopasuliwa hukauka haraka kuliko lililobaki zima, maana maganda huzuia maji kutoka. Kuni mbichi inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kuyachemsha maji hayo hula joto ambalo lingekwenda kwenye sufuria. Hii ndiyo sababu kuni mbichi hulia, hutoa povu mwishoni, na kumtoa mpishi machozi.

Zinatoka wapi kuni zenyewe? Watu wengi wa mjini wanafikiri mwanamke wa kijijini anaangusha miti. Ni mara chache sana. Kuni nyingi za Pangi zilizaliwa shambani. Kiangazi kinapoanza, mnamo mwezi wa sita, wanaume hufyeka na kuangusha miti. Wiki zinapita, majani yanakauka, kisha moto unawashwa kabla ya mvua, na mpunga, mihogo na mahindi hupandwa kati ya visiki na magogo yaliyoungua nusu. Magogo hayo hayaondolewi. Yanabaki yakikauka juani, na kwa misimu miwili au mitatu wanawake huyavuna pamoja na mihogo. Shamba la Mrega lilikuwa bohari ya kuni iliyo wazi: mume aliangusha mara moja, mke akabeba kila siku. Shamba likiachwa, mti wa kwanza kuinuka ni ule ambao Wakongo huuita parasolie, wenye majani mapana kama miavuli. Hukua mbio, ni mwepesi, na moto wake ni wa haraka usiokaa. Limbali, mti mzito unaotawala peke yake sehemu kubwa za msitu mkongwe wa Kongo, ni kinyume chake: mgumu kukata, mgumu kuwasha, na ukishika haukati tamaa. Mpishi mzuri huchanganya, wa haraka wa kuanzia na mzito wa kudumisha. Kuwasha kwenyewe hufanywa kwa nyuzi za ngazi, matunda ya mchikichi, zilizobaki baada ya kukamuliwa mafuta ya mawese. Zimelowa mafuta, zinashika mara moja.

Akiba iliwekwa mahali pawili. Kubwa hukaa upenuni nyuma ya jiko, juu ya mawe au magogo mawili ya kulalia ili mchwa na maji ya mvua visizifikie. Ndogo hukaa kwenye uchaga wa juu ya moto, pamoja na chakula: kuni za kesho zinakaushwa na kuni za leo. Katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, uchaga huo ni jambo la maana kuliko shoka. Kuni iliyokaa juu ya moshi siku chache huwaka hata kama nje kumekucha na mvua na kumekuchwa na mvua.

Kulikuwa pia na akiba za shughuli maalumu. Mimba ikikaribia miezi yake, kuni hulundikwa mapema, kwani mzazi hataingia msituni kwa muda. Pakitokea kilio, watu hawaji mikono mitupu: wengine wanaleta mihogo, wengine wanaleta magogo mazima ya kukeshea, na hapo utawaona wanaume wakishika shoka na kupasua bila kuombwa. Liangalie jambo hilo vizuri. Mbele za watu, kwenye msiba, kuni ni kazi ya mwanamume. Jumatano ya kawaida, hapana.

MTO, KISHA RELI

Wageni wa kwanza wenye bunduki walioingia huku kutoka mashariki walikuwa watu wa pwani. Nyangwe, juu ya Lualaba, ilikuwa soko lao kubwa. Livingstone alifika hapo mwaka 1871 na kushuhudia mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai. Novemba 1876 Stanley aliondoka Nyangwe pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip, wakaingia kwenye msitu ambao Stanley aliuandika kwa jina la Uregga. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande, na mbele ya wabebaji walitangulia watu wa mashoka kufungua njia. Msafara wa mamia ya watu hauwezi kulala bila moto. Kila jioni msitu ulitoa mamia ya mizigo ya kuni, na waliozileta hawakuandikwa majina. Misafara hiyo ndiyo iliyoacha Kiswahili ninachoandikia, Kingwana cha Maniema kikiwa mtoto wake wa kwanza upande huu.

Kisha meli. Dola Huru ya Kongo, iliyotambuliwa mwaka 1885, ilikuwa dola ya mto, na mto wake ulitembea kwa mvuke. Makaa ya mawe hayakuwepo karibu, na kuyaleta kutoka Ulaya hadi katikati ya Afrika kungekuwa wazimu. Kuni zilikuwa pande zote mbili za maji. Katika miaka ya mwanzo meli ilisafiri mchana tu. Jua likikaribia kuzama, ilifunga ukingoni, na wafanyakazi wakashuka na mashoka, wakakata na kupasua usiku kwa mwanga wa moto ili alfajiri bwela liwe na chakula. Mwandishi Joseph Conrad aliyasafiria maji hayo mwaka 1890 ndani ya meli kama hiyo, Roi des Belges, hadi maporomoko ya Stanley. Baadaye utaratibu ulibadilika: vikafunguliwa vituo vya kuni kando ya mto, na vijiji vya jirani vikaamriwa kuvijaza. Kuni zikawa kodi. Kijiji kilichoishi mbali na maji kilikuwa na bahati, na kwa muda Warega wa msitu wa ndani walikuwa miongoni mwa wenye bahati hiyo. Haikudumu.

Lualaba una vikwazo viwili vikubwa katika eneo hili: maporomoko kati ya Ubundu na Kisangani, na genge la mawe wanaloliita Milango ya Jehanamu, karibu na Kongolo. Kuviruka ndiko kulikozaa reli. Kampuni ya Maziwa Makuu, CFL, iliundwa mwaka 1902 na Baron Édouard Empain, tajiri yuleyule aliyejenga Métro ya Paris. Sehemu ya kwanza, kilomita 125 kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani hadi Ubundu, ilikamilika mwaka 1906. Ya pili, kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, ilimalizika mwishoni mwa 1910. Kindu, iliyokuwa kijiji ukingoni mwa maji, ikageuka bandari na stesheni kwa mpigo, na kwa miaka mingi ramani ziliiita Port-Empain. Kati ya Ubundu na Kindu meli za kampuni hiyohiyo zilibeba mizigo, kisha treni ikapokea. Meli kwa kuni, treni kwa kuni.

Hebu fikiria maana yake kwa msitu na kwa watu. Injini ya mvuke ya kuni haiwezi kubeba chakula cha safari nzima, kwani kuni hujaza nafasi kubwa kwa joto dogo ukizilinganisha na makaa ya mawe. Lazima isimame kila baada ya mwendo fulani kupakia tena. Kwa hiyo kando ya reli nzima palipangwa malundo, yamenyooka kama kuta, kila moja likisubiri. Aliyeyakata alikuwa mwanamume, alipewa shoka la dukani, alihesabiwa kwa steri, na alilipwa, hata kama malipo yalikuwa haba na hata kama hakuja kwa hiari. Kuni zikapata karani. Ni jambo la kushangaza kidogo: mwanamume ambaye nyumbani angeona haya kuonekana na mtita wa kuni kichwani, hapa alipasua kuni mwaka mzima na hakuna aliyemcheka. Watu husema mgawanyo wa kazi ni mila. Mila gani inayogeuka pale tu karani anapofungua daftari?

Karibu na wakati huohuo Kamanda Delhaise, ofisa wa Kibelgiji aliyetawala sehemu za nchi hii, alitoa kitabu chake Les Warega, mwaka 1909. Miongo kadhaa baadaye, katika miaka ya 1950, alikuja Daniel Biebuyck, ambaye maandishi yake juu ya Bwami, chama cha Kirega, yaliwafanya Warega wajulikane katika majumba ya makumbusho ya dunia kwa vinyago vya pembe na vya mti. Ni kazi kubwa, siidharau. Lakini mti uliochongwa kuwa kinyago umeandikiwa vitabu, na mti uliowashwa chini ya chungu cha mchongaji haukupata hata ukurasa wake wa haki.

KASITERITE NA KAMBI

Miaka ya 1930 Pangi ikageuzwa na bati. Kampuni ya Symétain ilijikita Kalima, na kwenye teritwari hiyohiyo Kampene nayo ikawa mji wa migodi. Kasiterite, madini yanayotoa bati, ilichimbwa mabondeni, ikaoshwa kwa maji, ikasafirishwa hadi Kindu, ikapanda treni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza na Wajapani wakateka Malaya mapema 1942, mataifa ya Washirika yalipoteza chanzo kikubwa cha bati, na macho yakageukia Kongo. Mwaka huohuo siku za kazi za lazima ambazo mwanakijiji aliweza kudaiwa ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mpunga, mawese, mpira wa porini, barabara: kila kitu kilitakiwa kwa pamoja.

Kwa kuni, migodi ilileta kitu kipya, nacho ni kambi. Kijiji cha Kirega kilihama kidogokidogo na mashamba yake, na hivyo kuni zake zilihama nacho. Kambi haihami. Safu za nyumba za matofali, mamia ya familia mahali pamoja, kila nyumba na moto wake, mwaka baada ya mwaka. Na matofali yenyewe yalichomwa kwa kuni: tanuru moja hulala siku kadhaa likila magogo. Kampuni ilijenga mtambo wa umeme wa maji wa Lutshurukuru kwa ajili ya mitambo yake, na Kalima ikawa na taa. Taa ziliwaka ofisini, karakanani, kwenye nyumba za Wazungu. Mke wa mchimbaji alipita chini ya waya wa umeme akiwa na kitunga mgongoni, na kila mwaka alikwenda mbali kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Hii ndiyo sehemu ya historia ya Pangi ambayo ningependa ifundishwe shuleni kabla ya tarehe za kampuni.

Mwaka 1976 kampuni za bati za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka London kwa siku moja, bei ikashuka vibaya, na SOMINKI haikusimama tena sawasawa. Mwaka 1997 mahali pake pakachukuliwa na SAKIMA. Wachimbaji waligeuka kuwa wachimbaji wa mikono, wakijisimamia, wakifuata kasiterite na dhahabu bondeni. Kambi za turubai na majani zikatokea penye shimo jipya, na penye shimo pana sufuria, penye sufuria pana mafiga.

Kisha vita. Kindu ilitekwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata watu wengi wa vijiji vya Maniema walilala msituni zaidi ya walivyolala nyumbani. Anayejificha hajifunzi kupika upya. Anajifunza kuchagua kuni upya. Kuni mbichi hutoa moshi unaoonekana mbali juu ya miti. Kuni kavu iliyopasuliwa nyembamba, iliyowashwa kidogo, haina maneno mengi. Maarifa ya mama ya kujua kwa kugonga kama kijiti kimekauka, kavu hulia na mbichi hunyamaza, yalikuwa yale yale ya siku zote, ila sasa yalikuwa na kazi nyingine.

MAKALA

Makala, ambayo pwani huitwa mkaa, si mageni Pangi. Wahunzi wa Kirega waliyachoma tangu zamani, kwani chuma hakifuliwi kwa kuni. Lakini yalikuwa kitu cha mhunzi. Makala ya kupikia ni ya mji, na Kindu imekua. Nyumba ya mjini haina shamba nyuma yake wala uchaga, mara nyingine haina hata jiko la nje. Gunia la makala halilowi upesi, halitoi moshi mwingi, na linakaa kwenye kona. Umeme wa Kindu, kwa wale walio nao, hauaminiki kwa chakula cha jioni. Katika Kongo nzima zaidi ya kaya tisa kati ya kumi hupika kwa kuni au makala, na Maniema si mkoa wa kupunguza hesabu hiyo.

Kuchoma makala ni kazi ya uvumilivu. Magogo yanapangwa kwa kubanana, mazito chini, yanafunikwa majani mabichi, juu yake udongo, moto unawashwa kwenye tundu moja na kuachwa ule polepole kwa siku kadhaa bila hewa. Mchomaji analala pembeni. Udongo ukipasuka mahali, moto unapata hewa na mali inageuka majivu usiku mmoja, kwa hiyo anatembea na koleo akiziba. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Nguvu nyingi ya mti huishia hewani porini, kabla hata sufuria ya mjini haijawekwa. Na mti unaopendwa ni ule mzito, limbali na wenzake, si tawi la kuokota. Kitunga cha mama huchukua kilichokwisha kuanguka. Gunia la makala hutaka mti uliosimama.

Nani anachoma? Wengi ni wanaume. Nani anasafirisha kwenda Kindu, magunia mawili matatu yamefungwa nyuma ya pikipiki au baiskeli inayosukumwa mlimani? Wanaume. Mwanamke utamkuta mwishoni, amekaa kando ya barabara au sokoni, akigawa gunia kuwa mafungu madogo ya kuuza kwa jirani anayenunua moto wa leo tu. Mpangilio ni uleule wa enzi za CFL: kuni zikielekea kwenye pesa, shoka lina mwanamume, zikielekea kwenye mafiga ya nyumbani, linabaki panga, na panga liko mkononi mwa mkewe au binti yake aliyetakiwa kuwa darasani.

Gharama nyingine ni ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Majiko yaliyoboreshwa, ya udongo au ya bati, yanayotumia kuni chache, yameletwa mara nyingi na miradi ya kila namna. Mengine yanafaa. Mengine yalibuniwa na watu ambao hawajawahi kuota moto saa kumi usiku. Jiko dogo lililofungwa linapika vizuri, lakini halimpi mzee joto, halikaushi mahindi ya uchagani, na linataka kuni zilizopasuliwa vipande vidogo, yaani linamwongezea mama kazi ya shoka ambayo mafiga hayakumtaka. Siku mradi unapoondoka, jiko linageuka kiti cha kuku, na anayelaumiwa ni mama kwa kutopenda maendeleo.

Sheria ya misitu ya Kongo, ya tarehe 29 Agosti 2002, inawaachia wakazi haki ya kuchukua kuni msituni kwa mahitaji yao wenyewe. Anayekata kwa ajili ya kuuza ndiye anayetakiwa kibali. Tarehe 2 Agosti 2014 likatoka agizo jingine, linaloruhusu jumuiya ya kijiji kupewa msitu wake wa mababu kisheria, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Kwa Pangi, yenye madini chini na limbali juu, hilo si jambo dogo: ni mara ya kwanza kwa kijiji kuweza kusema kwa karatasi mti upi uangushwe na upi uachwe. Ombi huandikwa baada ya vikao, ramani huchorwa, mipaka hutajwa na wazee wa ukoo, na lazima ielezwe msitu utatumikaje. Kikao cha namna hiyo huitishwa asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Anayejua mwaka huu kuni kavu ziko umbali gani, na ni upande upi zimekwisha, saa hiyo yuko njiani, anateremka na kitunga.